Sifuri Dola kwa Mwezi, na Mlango Unaojifunga Nyuma Yako

Mazungumzo na wazee wanaozungumza Kiswahili, Houston, Texas, Jumamosi 22 Novemba 2025

Wazee wangu, shikamooni. Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Ba mama na ba papa wa Bukavu na Uvira, jambo sana.

Najua harufu ya pilau imewapokea tangu mlangoni, na wengine mnaniangalia mkipiga hesabu nitamaliza saa ngapi. Basi naomba nianze na hiyo hiyo pilau. Anayeuza bima za Medicare, yaani bima ya afya ya wazee wa miaka 65 na kuendelea hapa Marekani, haruhusiwi kuwalisha mlo kwenye mkutano wa mauzo. Kahawa na biskuti, sawa. Zawadi ndogo isiyozidi dola 15, sawa. Sahani ya pilau na kachumbari, hapana. Kwa hiyo pilau mnayoinusa ndiyo cheti changu: hapa hakuna anayewauzia kitu. Mimi ni muuguzi, huu mwaka wa 19, sina leseni ya kuuza bima, na hata mkijiunga na kampuni gani sipati senti.

Leo ni tarehe 22. Dirisha la kubadilisha bima lilifunguliwa tarehe 15 Oktoba na linafungwa tarehe 7 Desemba. Zimebaki siku 15. Ndiyo maana simu zenu hazipumziki, na sanduku la barua limejaa picha za wazee wa Kizungu wanaocheka wakiendesha baiskeli.

Niwaeleze habari za baba yangu, maana yeye ndiye aliyenifundisha, ingawa somo lenyewe alilipia yeye.

Baba alifanya kazi hapa miaka 14, akiegesha magari ya wageni wa hoteli. Alipostaafu akaja kijana mmoja wa nyumbani, wakala wa bima, baba mwenyewe kamwita. Akakaa sebuleni, akala mandazi ya mama, akafungua kompyuta. "Mzee, hii ni sifuri dola kwa mwezi. Unapata meno, unapata miwani, unapata na kadi yenye hela ya kununulia vitu dukani." Baba akasaini kabla chai haijapoa. Sina kinyongo na yule kijana, kila alichosema kilikuwa kweli. Na kwa miaka minne baba alikuwa mtu wa furaha. Alipata miwani jozi mbili, moja akampelekea mdogo wake Muheza, ingawa macho yao hayafanani kabisa.

Mwaka wa tano akateleza bafuni, nyonga ikavunjika. Hospitali ilifanya kazi nzuri, siwezi kuilaumu. Kutoka pale akapelekwa kwenye kituo cha mazoezi, ajifunze kutembea upya. Mtaalamu wa mazoezi aliniambia mzee anahitaji kama mwezi mzima. Siku ya 13 ikaja barua: bima yako inaacha kulipia kituo hiki keshokutwa. Kampuni siitaji. Nikamchukua baba nyumbani, ngazi hazipandi, choo ni juu. Nikachukua likizo bila mshahara, wiki sita.

Sasa hapo kuna jambo naona haya kulisema mbele yenu. Barua ile ilikuwa na ukurasa wa pili. Ukurasa wa pili ulieleza kwamba una haki ya kukata rufaa ya haraka, kwa watu wa nje wasio wa kampuni, mradi upige simu kabla ya saa sita mchana ya siku moja kabla malipo hayajakoma. Namba ya simu ilikuwa pale pale. Mimi muuguzi, nasoma Kiingereza kila siku kazini, sikugeuza karatasi.

Je, bima ile ilikuwa mbaya? Ningeweza kuwaambia ndiyo, mkanipigia makofi, tukala. Si hivyo. Kosa letu lilikuwa tumeichagua kwa macho ya mtu mzima wa afya, anayehitaji miwani. Hakuna hata mmoja sebuleni siku ile aliyeuliza: mzee akianguka, itakuwaje?

Sasa tuiangalie Medicare yenyewe, ile ya serikali, yenye kadi nyekundu, nyeupe na buluu. Rais Lyndon Johnson, Mtexas, yule ambaye kituo cha anga kule Clear Lake kina jina lake, aliisaini tarehe 30 Julai 1965. Hakuisainia Washington. Aliifuata Missouri, mji wa Independence, kwa mzee Harry Truman aliyekuwa ameipigania alipokuwa rais akashindwa, na Truman ndiye aliyepewa kadi ya kwanza. Mimi hadithi hiyo huipenda; sisi nasi tunajua maana ya kumpelekea mzee kitu nyumbani kwake.

Kadi hiyo ina Sehemu A na Sehemu B. A ni ya kulazwa. B ni ya daktari, vipimo, na matibabu ya kwenda na kurudi. A huilipii kwa mwezi kama ulifanya kazi na kukatwa kodi robo-mwaka 40, yaani miaka 10, au mume au mke wako alifanya hivyo. B inalipiwa: mwaka huu ni dola 185 kwa mwezi, kuanzia Januari ni dola 202.90, na kwa wengi wenu inakatwa kwenye hela ya Social Security, ile pensheni ya serikali, kabla hujaiona.

Mwaka 2026 ukilazwa, dola 1,736 za mwanzo ni zako. Kwa upande wa B, dola 283 za kwanza za mwaka ni zako, halafu kila bili serikali inabeba asilimia 80 na wewe unabeba 20. Mkisahau kila kitu leo, shikeni hili: hiyo asilimia 20 haina dari. Matibabu ya saratani yakifika dola 90,000, wewe unadaiwa 18,000. Yakifika mara mbili, deni lako nalo mara mbili. Makundi yetu ya WhatsApp hayalali kwa sababu hiyo. Leo mchango wa mazishi, kesho mchango wa hospitali, na ukichunguza hospitali, mara nyingi mgonjwa alikuwa na bima.

Tundu hilo la asilimia 20 lina viraka viwili, na huwezi kuvaa vyote kwa pamoja.

Kiraka cha kwanza kinaitwa Medigap. Unabaki na Medicare ya serikali, halafu unanunua bima ya kujazia kutoka kampuni binafsi. Zimepewa herufi, wanaoingia sasa wengi huchukua G, ambayo inakuachia zile dola 283 za B na baada ya hapo karibu kila kitu cha A na B kimelipwa. Dawa unazinunulia bima yake peke yake, Sehemu D. Uzuri wake ni kwamba daktari yeyote Marekani anayepokea Medicare anakupokea, bila kuomba ruhusa kwa mtu. Ubaya wake unaujua mfuko wako: kwa mtu wa miaka 65 si ajabu kuambiwa zaidi ya dola 100 kila mwezi, na bei inapanda umri ukipanda. Na meno hayamo.

Kiraka cha pili ndicho kilichowaleta hapa, Medicare Advantage, ile ile aliyosaini baba. Bunge liliruhusu mipango hii ya kampuni binafsi kwa sheria ya 1997, ikabadilishwa jina kwa sheria ya 2003, na leo zaidi ya nusu ya wazee wenye haki ya kuchagua wamo humo. Kampuni mbili tu, UnitedHealthcare na Humana, zina karibu nusu ya wanachama wote. Unakuwa bado na Medicare, na B unaendelea kuilipia, hapo msidanganyike. Lakini kadi nyekundu, nyeupe na buluu unaiweka kabatini, unatembea na kadi ya kampuni, na kampuni ndiyo inayoamua.

Mtu akiniuliza sifuri dola inatoka wapi, namjibu hivi. Serikali inailipa kampuni kiasi maalumu kwa kila kichwa, kila mwezi, uumwe usiumwe. Tume ya MedPAC, inayolishauri Bunge kuhusu Medicare, ilikadiria kwamba mwaka huu wa 2025 serikali inalipa asilimia 20 zaidi kwa wazee walio kwenye mipango hii kuliko ambavyo ingelipa wangebaki Medicare ya kawaida, jumla dola bilioni 84. Miwani ya baba ilitoka humo. Kwa hiyo si bure. Imelipwa, ila hukuona mkono uliolipa. Na kwa kuwa kampuni imeshapokea hela yake ya mwezi, kila kipimo usichofanyiwa ni hela iliyobaki kwake. Sisemi wanakaa wakipanga mfe. Nasema mizani imeinamia upande gani.

Kuna aina mbili mtakazozikuta sana. Ya kwanza ni HMO. Waliotoka Tanzania mtaielewa mara moja, maana ni mambo ya rufaa: huanzii Muhimbili, unaanzia zahanati, daktari wako wa kwanza akuandikie ndipo uende kwa bingwa. Na bingwa mwenyewe awe kwenye orodha ya kampuni. Ukienda nje ya orodha bila dharura, unalipa mwenyewe. Ya pili ni PPO, yenye kamba ndefu kidogo: nje ya orodha unaweza kwenda, ila kwa bei kubwa zaidi.

Orodha hiyo ndiyo roho ya bima hii, wazee wangu, kuliko meno. Tunaishi Houston. Watu wanapanda ndege kutoka Nairobi na Dubai kuja kutibiwa Texas Medical Center, sisi tunafika kwa basi. Lakini kufika kwa basi si kupokelewa. Kabla ya kusaini, piga simu wewe mwenyewe, au mjukuu wako akupigie, kwenye hospitali unayoitamani, iwe MD Anderson ya saratani au nyingine, uulize kwa jina kamili la mpango, si la kampuni peke yake: mnaipokea hii mwaka 2026? Kampuni moja inaweza kuwa na mipango kumi mtaani kwenu, na hospitali ikapokea miwili.

Hapo ni orodha. Halafu kuna kibali. Vipimo vikubwa, upasuaji, kituo cha mazoezi kama kile cha baba, sindano za bei kubwa, vyote hivyo kwa kawaida kampuni inataka iombwe ruhusa kwanza. Mwaka 2023 yaliombwa maombi karibu milioni 50, na milioni 3.2 yakakataliwa, yote au sehemu. Mtasema mbona ni machache, asilimia 6 na kitu. Sawa. Lakini kati ya waliokataliwa, waliokata rufaa ni kama asilimia 12 tu. Na katika hao waliokata rufaa, zaidi ya asilimia 80 walishinda, uamuzi ukageuzwa. Nilipoyasoma hayo nilikumbuka ukurasa wa pili wa barua ya baba. Watu wetu tukiambiwa hapana na ofisi tunashukuru, tunatoka, tunafunga mlango taratibu. Ni adabu tuliyolelewa nayo. Kwenye bima adabu hiyo inakula kwako.

Kwa hiyo barua yoyote ya kukataliwa isiwekwe chini ya Biblia wala juu ya friji. Una siku 65 za kukata rufaa ya kawaida. Na kama kusubiri kunahatarisha afya yako, daktari aseme ni ya haraka, hapo kampuni ina saa 72 za kujibu. Niongeze tu, ili nisionekane naipamba Medicare ya serikali: kuanzia Januari nayo inaanza kujaribu mambo ya vibali kwa huduma chache katika majimbo sita, na Texas ni mojawapo.

Sasa niseme uzuri wa Advantage, maana upo. Ina dari. Mwaka 2026 sheria hairuhusu mpango wowote kukutoza zaidi ya dola 9,250 kwa matibabu ya A na B ndani ya orodha yake, na mipango mingi inaweka chini ya hapo. Dola 9,250 ni nyingi, lakini zina mwisho. Mzee ambaye hana uwezo wa kulipia Medigap, na ana Medicare ya serikali peke yake bila kiraka, huyo anatembea juani bila kofia. Kwake Advantage nzuri ni bora kuliko tundu. Na mwenye Medicare pamoja na Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, kuna mipango iliyotengenezwa kwa ajili yake, na wengine humo wanahudumiwa vizuri kabisa, hata gari la kuwapeleka kliniki linakuja. Mimi siwaambii msiingie. Nawaambia mtazame mlango.

Mlango wenyewe uko hivi. Ukifika miaka 65 na ukaanza Sehemu B, una miezi sita ambayo kampuni ya Medigap haiwezi kukukatalia wala kukupandishia bei kwa sababu ya sukari, presha au moyo. Miezi sita hiyo ni mara moja tu katika maisha. Ikipita, hapa Texas, ukitaka kuhama kutoka Advantage kurudi Medicare ya serikali, serikali itakupokea kila mwaka bila shida. Lakini Medigap itakuuliza maswali ya afya, na ina ruhusa ya kukwambia hapana. Ni majimbo manne tu, Connecticut, Massachusetts, Maine na New York, yenye sheria za kumlinda mtu asikataliwe baadaye. Hapa si mojawapo. Yaani siku unayoihitaji zaidi ndiyo siku unayokataliwa. Baba alipotaka kuhama baada ya nyonga, alikuwa na sukari, presha, na chuma kwenye paja. Alibaki Medicare Advantage. Tulimbadilishia mpango tu.

Mlango huo una nyufa mbili. Kama uliingia Advantage moja kwa moja ulipotimiza 65, una miezi 12 ya majaribio: ukirudi ndani ya muda huo, Medigap haikukatalii. Ufa wa pili, kampuni ikifuta mpango wako au ikiondoka kwenye kaunti yako, unapewa haki ya kununua baadhi ya Medigap bila maswali, kwa muda mfupi. Mwaka huu kampuni kadhaa zinapunguza mipango. Kama ulipata barua inayosema mpango wako hautakuwepo Januari, usiitupe kwa hasira. Njoo nayo hapa, barua hiyo ni ufunguo.

Nije kwenye la kwetu, ambalo hamtalisikia kwenye matangazo ya televisheni: kwenda nyumbani.

Wengi wenu mnapanga kwenda kukaa. Si wiki mbili za harusi, ni kukaa: Desemba mpaka Julai, shamba limeota majani, nyumba ya Kigoma haijaezekwa. Medicare ya serikali, Mombasa au Dar es Salaam, hailipi kitu. Ukiwa na Medigap G, kuna dharura ya safarini: inalipa asilimia 80 baada ya dola 250 za kwanza, kwa dharura inayokupata ndani ya siku 60 za mwanzo wa safari, na kikomo cha maisha yako yote ni dola 50,000. Mipango mingine ya Advantage nayo inagusa dharura za nje, mingine haigusi. Jibu limo kwenye kile kitabu kinene wanachokutumia. Lakini wenye Advantage, sikilizeni: ukikaa nje ya eneo la mpango wako zaidi ya miezi sita mfululizo, kwa kawaida kampuni inatakiwa ikutoe. Unarudi Medicare ya serikali, bila kiraka, na unagundua siku umerudi Houston na kikohozi. Mpango wa dawa nao haukufuati Tanga.

Na mtu asishawishike kusema, "Niifute B nikae nyumbani bila kukatwa dola 202." Unaweza kuifuta. Ukija kuirudisha, kila miezi 12 uliyokaa bila B inakuongezea asilimia 10 kwenye malipo ya mwezi, na nyongeza hiyo kwa kawaida haiondoki mpaka unazikwa. Tena utasubiri dirisha la Januari mpaka Machi ndipo ukubaliwe. Kama unarudi nyumbani moja kwa moja, kufia kwenu, sawa, piga hesabu na watoto. Kama moyo uko nusu kwa nusu, lipa.

Hata safari ya ndani ya nchi. Mama mwenye binti Minnesota anayekwenda kulea mjukuu miezi minne, HMO ya Houston itamlipia dharura kule, lakini kliniki ya kawaida ya kuangalia presha haitamlipia. Medicare ya serikali inamfuata mpaka kwenye theluji.

Wazazi walioletwa na watoto wao nao wana lao. Kama hukufanya kazi hapa miaka 10, wala mwenzi wako, ukiwa na miaka 65, kadi ya kijani ya ukaazi, na umekaa miaka mitano mfululizo, unaweza kuinunua Medicare. Bei ya A kwa asiye na robo-mwaka 30, mwaka 2026, ni dola 565 kwa mwezi. Weka B juu yake: dola 767.90. Na huwezi kuingia Advantage bila kuwa na A na B zote. Kwa hiyo ile "sifuri dola" ya kwenye tangazo, kwa mama yako ni mia saba na kitu. Wakala mwema atakwambia mapema. Wa pili atakwambia ukishalia.

Kwa waliokuja kama wakimbizi, na hapa nawaangalia zaidi ndugu zetu wa Congo na Burundi: sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai mwaka huu imewabana. Mkimbizi au aliyepewa hifadhi ambaye hana kadi ya kijani hahesabiki tena kuwa na haki ya Medicare, na waliomo tayari bila kadi hiyo wanaondolewa ifikapo tarehe 4 Januari 2027. Mwenye kadi ya kijani bado anahesabika. Kwa hiyo mzee ambaye makaratasi yake yamelala kwenye droo tangu mwaka alipofika, wiki hii hii aende kwa shirika linalosaidia wakimbizi au kwa mwanasheria. Si kwa jirani anayejua kujaza fomu.

Dawa nitazipitia haraka, maana mwaka huu kuna ahueni. Kwa mwaka 2026, dawa zilizomo kwenye mpango wako haziwezi kukutoka zaidi ya dola 2,100 kwa mwaka mzima, na insulini haizidi dola 35 kwa mwezi. Lakini ni dawa zilizomo. Kila mpango una orodha yake, na inabadilika kila mwaka.

Wenye kipato kidogo, msione aibu. Kuna msaada wa serikali unaokulipia B nzima, na kuna mwingine unaoitwa Extra Help wa dawa. Nimekutana na mama hapa, msafishaji wa ofisi kwa miaka 20, hakuomba kwa sababu alidhani ni sadaka. Mama, ulikatwa kodi miaka 20.

La mwisho ni wakala. Haruhusiwi kukugongea mlango bila kumwalika, wala kukupigia simu ya ghafla kukuuzia. Anayejitambulisha kuwa ni "Medicare" na anataka namba ya kadi yako, kata simu, usimsalimie hata watoto. Wakala halali ana kazi yake na analipwa: mwaka 2026, kwa majimbo mengi, kampuni inaweza kumpa mpaka dola 694 akikuingiza Advantage mara ya kwanza, na nusu yake kila mwaka unaobaki. Mimi sina wivu na riziki ya mtu, kijana wetu naye ana kodi ya nyumba. Ila muulize: unauza kampuni ngapi? Akisema mbili, amekuonyesha mbili.

Asiyelipwa na kampuni yoyote yupo. Kila jimbo lina washauri wa bure wa Medicare. Hapa Texas ofisi yao inaitwa HICAP. Na simu ya serikali ni 1-800-633-4227, usiku na mchana. Ukipokelewa sema neno moja tu, "Swahili," ukae kwenye laini. Watakutafutia mkalimani bila malipo. Msimtumie mjukuu wa miaka 12 kutafsiri habari za tezi dume, mnamtesa mtoto.

Haya. Waliokuja na chupa zao za dawa, meza ya dirishani. Waliopata barua za mipango inayofutwa, mje kwangu kwanza kabla ya kupakua pilau. Na yule mama aliyeniuliza mlangoni kuhusu safari ya Machi, mume wake akiwa amebaki Ujiji, naomba usiondoke. Swali lako linahitaji kalenda, na kalenda ninayo kwenye mkoba.